Herini Isiyopitisha Kidole

Mwezi uliopita nilimuosha Zena. Tulikuwa wanawake wanne katika chumba cha nyuma cha nyumba ya binti yake, Salma, huko Wiyoni, chumba cha paa la bati ambacho hata asubuhi kinachoma kama tanuri. Kichwa nilikishika mimi. Nilisema nitakishika mimi, na hakuna aliyebisha, maana Zena alikuwa mtoto wa shangazi yangu na tulinyonya ziwa moja. Nimeosha maiti wengi katika mji huu, wa homa, wa uzazi, waliotolewa majini, na mikono yangu haitetemeki. Nikamtoa ushungi. Shikio la kulia likajitokeza, ndewe imepasuka mpaka chini, vipande viwili vimekauka kila kimoja upande wake kama ukwato wa mbuzi. Shikio la kushoto lilikuwa na herini ya dhahabu, ya duara, pana, ya kizamani. Salma akaninong'oneza, "Haitoki, mama mdogo. Tumejaribu tangu alfajiri." Nikamwambia alete sabuni na uzi. Nikaipaka, nikaizungusha taratibu kama mtu anayemtoa mtoto usingizini, mpaka ikatoka. Kisha nikatia kidole changu ndani yake. Kikapita mpaka fundo la pili, na mimi vidole vyangu ni vinene, vya mtu aliyekanda unga umri wake wote.

Wako watakaosema mwosha hasemi alichokiona, na mwosha naye huoshwa. Ni kweli, nayajua. Ya mwili wa Zena yaliyobaki nimeyaacha kwenye yale maji na hayatatoka kinywani mwangu. Lakini ndewe ile sikuijua kwa kuosha. Niliijua alipokuwa hai, aliifunua mwenyewe mbele yangu, na akaniruhusu kuisema. Tena aliniomba niiseme. Niliisema mara moja tu, mwaka ule, na kwa mara ile moja ndiyo nikawa mtu niliye leo.

Mwaka ule niliwekwa ndani. Msichana wa leo ukimwambia alikaa ndani anafikiri ni adhabu. Ilikuwa heshima, na ilikuwa adhabu vilevile, hivyo viwili havikutafutana ugomvi. Nilikuwa mwali, nimeposwa, na mwali haonekani. Nilitiwa katika chumba cha ndani kabisa, kile kisicho na dirisha ila tundu moja yuu, karibu na boriti. Ukuta mzima ulikuwa zidaka, vile vishimo vya chokaa vya kuwekea mapambo, na katika kila kidaka bakuli la Kichina, au nusu ya bakuli lililogeuzwa ufa wake ukutani ili wageni wasiuone. Nilikuwa nikiyatazama mabakuli yale mpaka nikajua lipi ni zima na lipi linasimama kwa hila. Chakula kililetwa kwa sinia, samaki wa kupaka ameshatolewa miiba kama kwamba nimerudi kuwa mtoto mchanga, wali wa nazi, kipande cha mkate wa mofa kimefunikwa kitambaa. Nilisuguliwa liwa asubuhi na jioni mpaka ngozi ikawa haina habari ya jua. Nilinenepa. Kazi yangu ilikuwa kunenepa na kusikiliza.

Maana chumba kile kilikuwa na ukuta mmoja tu kati yake na kiwanda, ule uwazi wa katikati ya nyumba ambapo wanawake hukaa kuchambua mchele. Chuo nilikwenda nikajua kusoma msahafu na kuandika kwa taabu, shule sikuiona. Lakini nikiulizwa nilisoma wapi, nitasema nilisoma nyuma ya ukuta ule. Nilisikia nani anamnyima mumewe, nani mumewe anamnyima yeye, nani anakula na jirani na kuficha kitoweo. Sauti iliyotawala ilikuwa ya Shangazi Mwanaidi, dada wa baba yangu, mama yake Zena. Ndiye aliyekuwa somo wangu, mwenye kazi ya kunifunda mambo ya ndoa. Shangazi alikuwa mwanamke wa kuogopwa. Akicheka, kiwanda kizima kinacheka, akinyamaza, hata paka anatafuta pa kwenda.

Mchumba wangu alikuwa Abdalla. Kaka yake, Athmani, ndiye aliyemuoa Zena kabla ya mimi kuwekwa ndani. Ndugu wawili kuoa mtu na ndugu yake lilikuwa jambo la kusifiwa, dhahabu haiendi mbali, na ugomvi hauna pa kuingilia. Hivyo ndivyo walivyosema. Harusi ya Zena niliiona kwa mato yangu, na sitadanganya, nilimhusudu. Aliketishwa kwenye kiti cha enzi mashikio yake yakiwa na herini za duara ambazo mtaa wetu haujaziona, kubwa hata zikimgusa taya akigeuka. Shangazi Mwanaidi alizichagua mwenyewe. Alizunguka kati ya wageni akisema, "Mtoto wangu havai pete za kitoto." Nami nikajiapia moyoni kwamba zangu zitakuwa vilevile, kama si kuzipita.

Sasa, uchaguzi wenyewe ulikuwa na desturi yake kwetu. Mwali hatoki kwenda kwa sonara, na sonara haingii kwa mwali. Kwa hivyo sonara hukata waya wa shaba akaukunja duara duara, kuanzia ndogo ya mtoto anayetogwa mpaka kubwa kabisa, akazitunga kwenye uzi, na mama wa mwanamume akauleta uzi ule nyumbani kwa mwali siku ya kuchagua. Mwali hasemi neno. Huichomoa moja na kuiweka kwenye kiganja cha somo wake, basi. Kila mtu alijua adabu yake: hushiki ile kubwa kabisa, utaitwa mlafi; hushiki ndogo, utakuwa umewadharau, kama kwamba huamini wana dhahabu ya kutosha. Unashika ile inayofuata kubwa. Nilifundishwa hivyo, na nilikuwa tayari.

Kisha nikaanza kusikia habari ya chandarua. Ilikuja kupitia ukutani, mchele ukichambuliwa. Jirani mmoja aliuliza mbona Zena haonekani hata kwa jamaa zake. Shangazi Mwanaidi akajibu haraka, "Aliumia shikio. Aliamka ghafla, herini ikashika kwenye chandarua."

"Chandarua?" jirani akasema.

"Chandarua. Kile cha nyuzi nene."

"Hata mimi changu ni cha nyuzi nene, Bi. Mwanaidi, na kinanishika nywele kila siku. Hakijawahi kunikata."

"Wewe huna dhahabu ya kukukata."

Wakacheka. Lakini niliusikia mchele. Mikono ya shangazi ilikuwa imesimama, ungo haupepetwi, na wenzake waliendelea kucheka peke yao. Nilikaa kwenye kitanda nikitazama bakuli lililogeuzwa ufa wake ukutani. Siku zile sikuelewa, ila nilijua nimesikia kitu.

Zena alikuja baada ya adhuhuri moja, wanaume wamelala na mama yangu yuko jikoni akikaanga kaimati. Aliruhusiwa kuja kwangu kwa kuwa ni mke wa nyumba ninayokwenda, amekuja kunizoesha. Alikaa kitandani karibu nami, buibui hakulivua. Nilimuuliza kama kule kwao wanakula vizuri. Akasema wanakula vizuri sana. Nikamuuliza kama mama mkwe ana maneno. Akasema hana maneno, Bi. Shufaa ni mtu mwema, kila likitokea jambo yeye huja kwanza kufuta sakafu. Nilicheka. Yeye hakucheka. Akavua ushungi.

Ilikuwa bado mbichi. Walikuwa wamepaka kahawa ya unga ili damu isimame, na kahawa ilikuwa imeganda nyeusi kati ya vile vipande viwili. Shikio la pili lilikuwa na herini yake kama siku ya harusi.

"Lete kidole," aliniambia.

Sikutaka. Akaushika mkono wangu akakiingiza kidole changu cha shahada katika ile herini iliyobaki, akakikunja. "Hivi," akasema. "Alikuwa hana hata hasira nyingi. Chai ilikuwa imepoa. Alitia kidole hivi, kama mtu anayeshika kata kwenye mtungi, akanivuta nimfuate jikoni. Mimi nilichelewa kuinuka."

Nikauchomoa mkono. Nikamuuliza kama baba yake anajua.

"Anajua. Alisema ndewe si shingo. Akanipa halua nirudi nayo."

"Na shangazi?"

"Mama ndiye aliyeleta neno la chandarua. Nilipomsimulia alikaa akafikiri, kisha akaniambia, sema chandarua." Akanigeukia. "Abdalla simjui. Pengine si kama kaka yake. Lakini wamelala chumba kimoja tangu utoto, Amina, na baba yao nilimkuta hai, na Bi. Shufaa ana meno ya mbele ya kubandika. Siku ya kuchagua, tia kidole kwanza. Ikipita, rudisha."

"Nikishika ndogo watasema nimewadharau."

"Waache waseme. Na kama hawakusikia, wasikilizishe. Unitaje. Mimi nimeshachelewa."

"Watakufanya nini nikikutaja?"

Akaufunga ushungi wake vizuri, akabana na pini chini ya kidevu. "Watanifanya ambacho wangenifanya hata hivyo," akasema. Mama akaingia na kaimati za moto. Zena akala tatu, akasifu shira, akaenda zake.

Siku ya kuchagua walitandika mikeka miwili na zulia. Bi. Shufaa, mama yake Abdalla na Athmani, alikuja na wanawake wa kwao, udi ukafukizwa mpaka nikaona mtu kwa shida. Nilitolewa nimefunikwa shela, nikaketishwa chini, Shangazi Mwanaidi ubavuni kwangu. Uzi wa waya ukawekwa mapajani mwangu. Nilizipapasa zile duara chini ya shela, moja baada ya moja, nikitia kidole. Ikapita. Ikapita. Ikapita. Vidole vyangu vya wakati ule vilikuwa vyembamba, vikipita hata pale ambapo cha mwanamume kingekwama, lakini sikutaka kubahatisha, nikashuka zaidi, mpaka nikafika ile ya mwisho, ya mtoto anayetogwa, ambayo hata ncha ya kidole changu kidogo haikuingia. Nikaichomoa nikaiweka kwenye kiganja cha shangazi.

Nilidhani watakasirika. Nilijiandaa kwa hasira. Badala yake Bi. Shufaa alikitazama kile kiwaya kwenye kiganja, akapiga kigelegele. "Tazameni haya ya mtoto huyu," akasema. "Wengine wanakuja kutufilisi, huyu anashika ya kichanga. Wallahi tumepata mke." Wanawake wote wakadakia vigelegele. Mama yangu akafuta mato kwa furaha. Bi. Shufaa akauchukua uzi, akachagua mwenyewe ile kubwa kabisa, akairusha kwenye shela langu. "Mwenye haya hupewa zaidi," akasema. "Utavaa hii, mwanangu. Kama ya dada yako."

Nilihisi kama mtu aliyepiga kelele kisimani akarudishiwa wimbo. Haya. Waliita haya. Nikatoa mkono wangu nje ya shela, jambo ambalo mwali hafanyi, nikaishika ile duara kubwa, nikatia kidole cha shahada, nikakikunja, nikauinua mkono ili wauone. Nikasema, na mwali hasemi, "Hii inapitisha kidole. Cha Bwana Athmani kilipita."

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja, kama watu wanaotoka chumbani. Mama yangu aliniita jina langu. Bi. Shufaa aliniinamia, uso wake karibu na shela, nami kupitia kitambaa niliyaona yale meno yake meupe mno. Alisema polepole, kwa upole wa kweli, sauti ya mtu aliyekwisha kulisema neno hilo mara nyingi, pengine kwa ajili ya nafsi yake, "Chandarua, mwanangu. Kilikuwa ni chandarua."

Nikamwambia, "Basi chandarua chenu kina vidole."

Bi. Shufaa akaziokota waya zake akazitunga kwenye uzi, hata ile ya kichanga akaidai kutoka kwa shangazi, na Shangazi Mwanaidi akaifumbata asiitoe mpaka alipofumbuliwa kiganja. Wakavaa mabuibui yao. Walipokwisha kutoka, shangazi aliniondoa shela akanipiga kofi ambalo nalisikia mpaka leo hewa ikiwa ya baridi. Kisha akaweka kiganja chake hapohapo alipopapiga, akakiacha. Alikuwa akilia bila sauti. Nilimtazama mwanamke yule, ambaye paka walimkimbia, nikaona ufa wake wote. Tulikaa hivyo, mkono wake shavuni kwangu, mpaka adhana ya alasiri.

Posa ilivunjika kabla ya magharibi. Baba hakusema nami kwa muda mrefu. Mji ulisema kwa niaba yake. Niliitwa kinywa wazi, niliitwa kidole, watoto wa madrasa walikuwa wakipita barazani kwetu wakikunja vidole vyao. Wachumba hawakubisha hodi. Mwisho alinioa mgane mmoja wa Shela aliyehamia mjini, mtu mzima, mpole, mwenye jicho moja, na sherehe yetu ilikuwa sinia mbili za pilau. Aliniuliza nataka herini gani. Nikamwambia za kichanga. Akaleta. Hakuniuliza kwa nini, na mpaka anakufa hakuwahi kuinua mkono wake isipokuwa kwa dua. Ndizo ninazovaa hapa ninapoandika. Nimejivunia kila siku niliyoamka katika nyumba ile, na sitaomba radhi kwa kujivunia.

Lakini kilichobaki lazima nikiseme. Tangu siku ile Zena hakukanyaga kwetu. Mlango wake na wangu ulitenganishwa na ndia mbili tu, nami nilimwona misibani peke yake, upande wa pili wa chumba, ushungi umebanwa chini ya kidevu. Tulisalimiana kwa mato. Alizaa, alizika, alinenepa, alikonda, yote niliyajua kwa kusimuliwa. Athmani alikufa akiwa mzee mwenye heshima zake, aliyekaliwa matanga na mji mzima. Zena alipomaliza eda akahamia Wiyoni kwa Salma, nami nikaenda siku ileile, nikamkuta amekaa kizingitini anakuna nazi.

Nilimuuliza nililokaa nalo umri wote. "Siku ile nilipokutaja. Alikufanya nini?"

Hakuacha kukuna. "Alinishika nywele."

Nikavuta mkeka nikakaa karibu naye.

"Ulidhani ni herini, Amina," akasema. "Hata mimi nilidhani. Nilipokuambia tia kidole, nilidhani nimekufundisha hesabu. Baada ya pale alishika nywele. Akashika leso. Akashika mkono wa mtoto ili mimi nimfuate mtoto. Mkono ukitaka pa kushika, hupata."

"Basi mbona hiyo moja hukuivua?" Maana ilikuwa ikining'inia kwenye shikio lake la kushoto.

Hapo akacheka, kicheko cha Zena niliyelala naye kitanda kimoja tukiwa watoto. "Alininunulia jozi nyingine. Nyingine tena. Akaniomba, wallahi aliomba, niivue hiyo. Ilikuwa inamkera. Nikamwambia nimezoea uzito. Kila asubuhi nilikaa naye kwenye chai, ushungi nimevua, shikio hili na shikio lile. Alikunywa chai akiangalia dirisha mpaka akafa. Wakati wa eda niliivua kwa sababu ni sharia. Ilipokwisha nikairudisha." Akapulizia chicha za nazi zilizomshika kidoleni. "Wewe ulisema mara moja. Mimi nilisema kila siku."

Salma hakuitaka herini ile. Nilipoitoa kwa sabuni na uzi alinifumbatisha, akasema mpe yeyote, mimi sitalala nayo nyumba moja. Niliileta nyumbani nimeifunga kwenye pindo la leso, nikaiweka mezani karibu na dawa zangu za presha. Hapo ndipo mjukuu wangu, Nasra, alipoikuta. Nasra anafanya kazi nyumba ya wageni huko Shela, ana kinywa changu na miguu ya babu yake, na ataolewa mfungo mosi na kijana wa kwao Kiunga ambaye nimemwona mara mbili, zote mbili akitabasamu. Alikuja juzi na pakiti ya herini alizoagiza kwenye simu. Za duara, kubwa, zinamgusa taya akigeuka. Akasimama mbele ya kioo changu.

"Bibi, niambie ukweli. Hizi si ziko fiti? Ama saizi imezidi?"

Nikamketisha. Nikamsimulia kama nilivyosimulia hapa, waya, kaimati, ukwato wa mbuzi, yote. Simu yake ililia mara kadhaa, hakuishika. Nilipomaliza aliichukua herini ya Zena mezani, akatia kidole. Akakitoa. Akavua yake moja, akatia kidole. Kikapita bila kugusa ukingo.

"Sasa nivae ipi?" akauliza.

Kwa miaka nimekuwa na jibu la swali hilo, nimelivaa mashikioni. Lakini nikamkumbuka Zena kizingitini: mkono ukitaka pa kushika, hupata. Nikamchukulia herini yake, nikamrudishia shikioni kwa mikono hii iliyomuosha Zena, nikaifunga ndoana yake vizuri.

"Vaa unayoitaka, mwanangu," nikamwambia. "Lakini siku mtu akitia kidole humo, usije hapa kuniambia chandarua."